Tufaha la Raheli

Njombe,
14 Januari 2024

Mjomba Eliakunda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mezani, si kitandani. Mimi ni mzima. Kikohozi kilichonishika Krismasi kimeniachia. Msalimie sana mama Dorkas. Mwambie magimbi aliyonipa tulipomaliza msiba wa mama niliyapanda nyuma ya chumba changu, na mwaka huu yametoa majani mapana kama sinia.

Nimekupigia simu mara sita tangu mwaka mpya. Inaita, hupokei. Basi nikasema niandike, kama mama alivyokuwa akikuandikia.

Nina jambo, Mjomba, na kwangu ni kubwa. Shamba hili ninalofanyia kazi lina mitufaha mia tisa, na kila mmoja una kibao cha jina lake. Mmoja tu hauna. Umesimama mwisho wa mstari wa nane, karibu na ukuta wa shule ya msingi, mzee, umepinda, na hakuna anayejua nani aliupanda. Juzi niliokota tunda lake. Dogo, njano iliyopauka, lina kama kutu kuzunguka kishikio. Nililing'ata huku nawaza mambo mengine. Kwanza ukakasi, kama zambarau isiyoiva. Halafu uchachu. Halafu, nimeshameza kabisa, ikapanda puani harufu ya ua la kahawa baada ya mvua. Mjomba, nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Lilikuwa tufaha la mama. Lile la mti ambao babu alimpandia siku aliyobatizwa, chini ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia, tufaha ambalo mama alikuwa akinikatia vipande amenipakata.

Meneja wetu, Bwana Bartholomeo, anataka kuung'oa mti huu mwezi wa saba apanue sehemu ya parachichi. Nimemwomba auache. Akasema, "Asteria, mti usio na jina ni kuni. Niletee tunda la mti unaojulikana, tuonje pamoja. Likifanana, huu unabaki, na kitalu nakupa ubebeshe miche mia."

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Nitumie matunda matano ya mti wa mama kabla msimu haujaisha. Na uniambie: mama alipofundisha katika shule hii ya hapa, kabla sijazaliwa, aliwahi kuja na vikonyo vya mti wake, vijiti vya kubebeshea kwenye mche mwingine? Mwezi wa sita nikipata likizo ningependa nije niuone kwa macho yangu.

Mpwa wako,
Asteria

*

Suji,
11 Februari 2024

Mpwa wangu Asteria, mtoto wa dada yangu pekee,

Marahaba, na nyingine juu yake. Huku sisi wazima kwa kadiri ya wazima. Mke wangu Dorkas mguu wa kushoto umevimba, anautembeza kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani. Mahindi yamekauka yakiwa magotini. Kuhusu simu usinilaumu mimi, mlaumu kambale. Nilishuka Ndungu kumtazamia rafiki yangu mpunga, nikainama, simu ikatumbukia jarubani, kambale akaimeza. Wewe usicheke. Tulimsikia akiita tumboni dakika nzima ndipo tukamkamata. Tangu siku hiyo simu inaita tu, sauti ya mtu haitoi.

Sasa nije kwenye matufaha. Umefanya akili kuniuliza mimi, maana kutoka Same mjini mpaka kilele cha Shengena hakuna ulimi kama huu. Shule niliiacha darasa la nne, hilo sikatai, lakini kwa matufaha mimi ni profesa. Nilipokuwa kijana alikuja bwana mmoja wa kilimo na kikapu cha matufaha ya milima yote. Wakanifunga macho kwa kitenge mbele ya kanisa zima, ibada imekwisha, watu wamejaa uwanjani. Likaja la kwanza. Nikasema, "Hili ni Ngozi ya Chura, la kwa mwinjilisti." Sawa. La pili. "Hili ni Jumapili, halina ladha mpaka lilale kwenye majani makavu siku saba." Sawa. La tatu nikalitafuna, nikanyamaza. Yule bwana akacheka: "Leo umeshindwa, Eliakunda!" Nikamwambia, "Sijashindwa, nahesabu. Hili ni Mate ya Nyuki, limechumwa tawi linalotazama Usambara, na aliyelichuma ametumia mkono wa kushoto." Wakamwita mchumaji. Mashoto! Yule bwana alivua kofia, na alikuwa na kipara.

La mama yako liliwekwa la mwisho, na hilo hata sikulitafuna. Nililijua kwa harufu, bado liko mkononi mwa mtu.

Na ujue mti ule ni mmoja tu duniani. Nathanaeli jirani yangu ameniomba vikonyo vyake mara tatu. "Eliakunda, nikatie viwili tu, nisije nikafa sinavyo." Nikamwambia, "Kufa salama. Wewe una matufaha yako ya sukari, yatakusindikiza." Na siku tuliyomzika mama yako mlinisikia wote nikiapa pale kaburini kwamba mti wa Raheli nitaulinda kama jicho. Basi.

Matunda nitatuma. Kuhusu kuja mwezi wa sita usijisumbue. Barabara ya kutoka Makanya imekatwa na mvua vibaya, hata pikipiki zinapandishwa mabegani.

Mimi mjomba wako,
Eliakunda

*

Njombe,
2 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa mguu wa mama Dorkas. Kuna dawa ya kuchua nimeinunua, nitaituma kwa mtu anayekuja Same kwenye harusi ya ndugu yake. Huku tunaamka na ukungu, saa nne ndipo unawaona wenzako.

Nilicheka habari ya kambale mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Lakini Mjomba, umeniandikia kwamba mahindi yamekauka, na chini yake barabara imekatwa na mvua. Nimeisoma mara mbili.

Matunda ya mti wa mstari wa nane yamekwisha mtini. Nimebaki na matatu, nimeyafukia kwenye pumba za mahindi ndani ya ndoo yasinyauke. Hayo ndiyo ya kuonja sambamba na ya kwako. Vikonyo nimekata sita, viko kwenye unga wa mbao wenye unyevu, nasubiri neno lako tu nivibebeshe. Tafadhali usichelewe.

Na hukunijibu kuhusu mama. Alikuja navyo, au hakuja navyo?

Asteria

*

Suji,
19 Machi 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, na mbuzi wamo. Dawa ya kuchua imefika, Dorkas anaipaka, lakini ananuka kama karakana. Kuhusu mvua, mvua ya Upare ina akili zake. Inaweza kukata barabara ikaruka shamba. Mbona ulizaliwa huku na hujui?

Boksi hili la biskuti lina matufaha kumi na mawili. Uliomba matano, mimi sikulelewa kutoa matano. Nimeyafunga kwa majani makavu ya mgomba, moja moja, na nimemkabidhi kondakta wa basi pale Makanya mkono kwa mkono. Nimemwambia, "Ukila hata moja nitajua ni lipi." Aliogopa, niliona kabisa.

Nimepanda mwenyewe mtini, na miaka yangu hamsini na sita. Dorkas chini anapiga kelele, "Shuka baba, utavunjika!" Nikamwambia, "Wanaovunjika ni wanaotazama chini." Nimechagua yaliyoiva na kuiva. Meneja wako akila moja ataomba la pili, na la tatu ataliiba. Mwambie hayo ndiyo matufaha ya Raheli binti Elinaza, kwamba kule kwetu mtoto akibatizwa baba yetu alimpandia mti, na mti ukaitwa kwa jina lake, na hatuna haja ya vibao.

Hayo ya mama yako na safari zake ni ya zamani. Mtu hakumbuki kila mfuko aliobeba dada yake.

Wako katika ushindi,
Eliakunda

*

Njombe,
7 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pasaka ilipita salama, niliimba kwaya na sauti ikakatika katikati ya wimbo. Boksi lilifika, matunda kumi na moja mazima, na moja limebondeka. Kondakta nadhani alikuogopa kweli.

Sasa nisikilize. Jumatano nilichukua sahani mbili nyeupe. Moja nikaweka la kwako, moja la kutoka kwenye ndoo. Kwa macho ni ndugu: udogo, njano, na kutu ile ya kishikio. Bwana Bartholomeo alikuja na kisu chake. Tukakata. La kwako lina maji mengi, utamu unakuja mara moja, halafu unaondoka kabla hujameza, hauachi kitu. Nikatafuna la pili, la tatu. Ukakasi haupo. Ua la kahawa halipo. Nikarudi kwenye la ndoo, likanipanda puani vilevile.

Akasema, "Dada, hivi ni vitu viwili tofauti. Hata mimi wa parachichi najua."

Nikasema, "Labda ni udongo. Labda ni baridi ya huku."

"Udongo unabadilisha kidogo. Haubadilishi kabila."

"Mjomba wangu hawezi kukosea. Anayajua haya akiwa amefungwa macho."

Akanitazama, akafuta kisu. "Basi muulize tena mjomba wako. Nakusubiri mpaka Juni."

Nakuuliza tena. Uliyachuma kwenye mti wa mama? Ule ule ulio chini ya ndiva, wenye kovu la radi? Simu hupokei, kwa hiyo andika neno moja tu: ndiyo, au hapana. Sitakasirika. Hata kama umekosea mti, niambie, bado kuna muda.

Asteria

*

Suji,
5 Mei 2024

Kwa Asteria,

Huku tunaendelea. Dorkas mguu umepungua. Mbuzi mmoja ameliwa, wanasema ni fisi, mimi najua ni mtu mwenye meno ya fisi.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Kwa hiyo mtu wa parachichi ananipima mimi. Mimi ambaye tumbili wa msitu wa Chome akichuma tufaha asilolijua huliacha kizingitini kwangu, asubuhi anarudi kusikiliza jibu! Sawa. Dunia imekwisha.

Sasa mimi nikuulize wewe. Ulikuwa na miaka mingapi ulipolionja mara ya mwisho? Sita? Saba? Mtoto wa miaka saba ana ulimi gani? Mimi nimekula tunda lile tangu kabla hujazaliwa, na nakuambia halikuwa na harufu ya ua lolote. Mama yako alikuwa akishinda kwenye mibuni. Anarudi jioni, maua yamemwagikia mabegani, anakupakata na nguo zile zile, anakukatia kipande. Ulikuwa unanusa nguo, Asteria. Unakula tufaha, unanusa nguo za mama yako. Ndiyo maana ulikaa chini kwenye nyasi. Mwenye msiba hata maji yanamnukia marehemu.

Hilo la mstari wa nane ni tufaha la watu wengine. Waachie watu mti wao.

Niliapa kaburini, na wewe ulikuwepo. Mtu aliyeapa kaburini haulizwi ndiyo au hapana kama yuko kituo cha polisi.

Ni mimi mkubwa wako,
Eliakunda

*

Njombe,
16 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kama nilikukosea adabu. Nafurahi mguu wa mama Dorkas umepungua.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Mwanzoni nilikataa. Nikafumba macho nijaribu kuikumbuka ladha peke yake, bila mama, bila mapaja yake, bila kanga. Sikuweza kuvitenganisha. Nikawaza, huyu ni kaka yake, amekula kabla yangu, na mimi ni nani. Matatu ya ndoo yamekwisha, hakuna la kuonja tena. Labda kweli zilikuwa nguo.

Ijumaa nilimwambia Bwana Bartholomeo kwamba siyo. Vikonyo vyangu sita nimevitupa, nafasi ya kitalu imepewa aina zenye majina. Mti watauvuta kwa trekta tarehe ishirini na mbili mwezi wa saba.

Sina lingine. Nilitaka tu ujue kwamba nimekusikia.

Asteria

*

Suji,
6 Julai 2024

Asteria mwanangu,

Nakusalimu. Tuko hai.

Mti wa mama yako haupo. Niliung'oa mimi, mwezi wa tatu mwaka jana. Watu wa kule Mamba walikuwa wanaezeka nyumba bati kwa fedha za tangawizi, nami nikaona sehemu yangu yenye maji, pale chini ya ndiva, imekaliwa na mitufaha minne mizee. Dorkas alisimama mlangoni akasema, "Baba Blessing, huo wa Raheli uache." Nikamwambia tangawizi haipendi kivuli. Nilikata siku mbili, na mizizi nikachoma. Tangawizi ikaota ikapendeza, watu wakaja kuitazama, nikawaambia nitavuna lori tatu. Ikaoza chini kwa chini. Unashika majani unavuta, yanakuja matupu, na harufu yake mbaya. Hata debe sikupata.

Yale ya boksi ni ya Nathanaeli. Nilimwambia kuna mgonjwa. Nilichagua matamu kuliko yote. Nilijiambia meneja akipata kitu kitamu atapenda, akipenda ataacha mti. Ulikuwa umeeleza vizuri kwamba yanatakiwa yafanane. Nilisoma, nikaona "likifanana", nikapita.

Na vikonyo, mama yako alikuja navyo huko. Vinne. Nilimkatia mimi kwa kisu changu, nikavichomeka kwenye kipande cha mgomba visikauke njiani, akapanda basi amevipakata. Kwa hiyo tangu barua yako ya kwanza nilijua mti wa mstari wa nane ni wa nani. Lakini ningeandika ndiyo, ungefunga safari uje uulinganishe na wa kwetu, na ungekuta mashimo manne, baada ya mimi kuapa vile mbele za watu. Nikaona heri useme mjomba ni mbabaishaji wa barua kuliko useme hayo.

Habari ya kufungwa macho ni kweli ilitokea. Kitenge alinifunga mama yako, akakilegeza makusudi, nikawa naona mpaka viatu vya watu. Ulimi wangu haujui kitu. Matufaha yote kwangu ni matamu au machachu. Ua la kahawa lilikuwemo. Raheli alikuwa akiniambia kila mwaka, "Kaka, meza kwanza, halafu ngoja," na mimi sikungoja. Maneno ya nguo nimeyatunga. Yalinijia nikayaona yanakaa vizuri, nikayaandika.

Mwambie meneja asing'oe. Mwambie leo.

29 Julai

Barua hii imelala ndani ya kitabu cha nyimbo wiki tatu. Kila asubuhi nilisema leo. Tarehe ishirini nilipanda mpaka mahali penye mtandao mzuri, nikabonyeza namba yako. Iliita mara moja nikakata, maana sikujua nianze na shikamoo yako au na mti. Simu yangu ni nzima. Haikuwahi kuingia majini.

Leo Dorkas ameikuta. Ameisoma amesimama. Amevaa viatu, na mguu ule ule, anashuka nayo Makanya mwenyewe.

Eliakunda

*

Njombe,
18 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mama Dorkas nimeipata barua, na asishuke tena mlima kwa ajili yangu.

Ilifika tarehe tano. Mti uling'olewa ishirini na mbili, kama nilivyokuandikia. Nilikuwepo. Walifunga mnyororo, trekta ikavuta mara mbili haukutoka, wakachimba pembeni, ya tatu ukatoka. Kabla ya ile ya tatu Bwana Bartholomeo alinifuata akaniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu, "Mjomba amesema."

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikimbia kwenye rundo. Matawi walishayachoma, shina wamelipasua kuni za jiko la wafanyakazi. Nikachimba pale uliposimama, nikapata mzizi una chipukizi kijani, majani mawili. Nikalifunika kwa kanga nikampelekea fundi wa kitalu. Akaligeuza akasema, "Hili ni la mche wa chini uliobebeshewa, dada. Tunda lenu lilikuwa la kikonyo kilichobebeshwa juu, na cha juu hakipo." Nilikuwa najua. Mimi ndiye ninayewafundisha wageni jambo hilo wakianza kazi.

Simu ya tarehe ishirini niliiona. Nikadhani umeikalia.

Meneja hajanilaumu. Alisema tu kwamba angengoja mwaka mmoja zaidi kama ningemwomba. Sikumwomba, Mjomba. Mdomo wangu ulijua na niliuambia unyamaze.

Na sasa siikumbuki. Hilo ndilo nataka ulijue. Nikifumba macho nianze na ukakasi, nifike kwenye uchachu, nikisha kumeza ningoje, panapotakiwa kuja ua la kahawa inakuja sauti yako inasema nguo. Umeniambia uliyatunga, na nakuamini, lakini hayatoki. Mti wa huko uliung'oa, wa huku nimeung'oa mimi, na ule wa tatu uliokuwa kinywani mwangu tumeung'oa pamoja.

Nakuomba usiniandikie tena habari za matufaha. Hata za kuomba radhi. Ukitaka kuniandikia, niandikie afya zenu na mvua, na iwe kama ilivyo.

Asteria

*

Suji,
10 Novemba 2024

Mpwa wangu Asteria,

Marahaba. Huku mimi ni mzima, isipokuwa meno. Dorkas mguu unakwenda, jana alifika kisimani na kurudi, alipumzika mara mbili. Blessing amepata kibarua kwenye mkonge, anasema mikono inamuuma. Mbuzi wamebaki watatu.

Makande ya mwaka huu tunapika na maharage ya kununua, ya kwetu hayakutoka.

Mvua ya vuli ilinyesha tarehe tatu, asubuhi, watu wakiwa kanisani. Haikuwa kubwa. Mferejini maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, nilisimama humo kupima. Ilinyesha robo saa.

Dorkas anasema ilikuwa dakika kumi. Basi, kumi.

Eliakunda